Sauti Iliyopoza Nyama: Maisha ya Mama Laurentine Nabintu

"Hakuna sauti inayotoka katika mdomo wa binadamu ambayo mimi, binti wa Kadutu, nitashindwa kuitoa kabla nyama haijapoa."

Maneno hayo marehemu Mama Laurentine Nabintu aliyasema kwa kipaza sauti, jioni ya Jumamosi tarehe 19 Juni 2004, kwenye harusi ya binti yake Orpha, katika ukumbi wa Fittja, hapa Stockholm. Wengi wenu mlioko hapa leo mlikuwepo, na nyama ile mliila baridi. Tunaanzia hapo kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza hivyo. Alisema wasifu wa watu huanza na kuzaliwa, kana kwamba kuzaliwa ni kazi aliyoifanya marehemu.

Hata hivyo, alizaliwa. Ilikuwa tarehe 14 Machi 1955, mjini Bukavu, mtaa wa Kadutu. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Deusdedit Cirimwami, seremala wa parokia, na Mama Épiphanie. Nyumbani walisema Mashi, barabarani Kiswahili, na kanisani waliitikia Kilatini ambacho hakuna aliyejua kinamwahidi Mungu nini. Kaka yake Anicet, ambaye ni baba yangu, anasimulia kwamba Laurentine kabla ya kwenda shule aliweza kuiga sauti ya kila jirani. Mara nyingi Mama Épiphanie alitoka jikoni akijifuta mikono ampokee mgeni aliyebisha hodi, akamkuta binti yake ameketi peke yake mlangoni, anatazama mbele, hana habari.

Alianza shule ya msingi mwaka 1961 kwa masista. Huko alikutana na sista mmoja Mflama wa Ubelgiji ambaye "g" yake ilitoka kooni kama mtu anayekwangua ugali ulioshika sufuriani. Asubuhi moja sista aliwaamkia wanafunzi kwa lugha ya kwao. Laurentine akamrudishia salamu ileile na "g" ileile. Darasa lilicheka, na Laurentine akapigishwa magoti kwenye ujia. Kipindi kilipokwisha sista alitoka, akainama mpaka usawa wake, akamwambia, "Sema tena." Akasema tena. Sista akafikiri. "Hiyo yako ni ya watu wa mjini," akamwambia. "Mimi natoka shamba. Irudishe nyuma kidogo." Akairudisha. Tangu siku hiyo "sema tena" likawa neno lake la maisha, na sisi watoto wa familia hii hatukuwahi kumaliza hadithi hata moja mbele yake bila kulisikia.

Alipata diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari, mwaka 1974, akaenda Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akamaliza mwaka 1979 katika isimu ya lugha za Kiafrika kwa tasnifu juu ya toni za Mashi. Kuanzia 1980 alifundisha chuo cha ualimu Bukavu, ambako wanafunzi walimwita Madame Sema-Tena wakidhani hajui. Alijua. Alilalamika tu kwamba walilitamka vibaya.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na Baba Mwamba, fundi wa magari kutoka Kalemie, mtu wa maneno machache. Watu walishangaa msomi wa lugha kuolewa na mtu asiyezitumia. Yeye alijibu kwamba nyumba moja inahitaji mzungumzaji mmoja na msikilizaji mmoja, na nafasi ya kwanza ilikuwa imeshachukuliwa. Mwaka 1985 Mungu akawapa Orpha. Vita vilipofunga chuo mwaka 1998, waliondoka Bukavu, wakapitia Bujumbura na Nairobi, na mwezi wa Mei mwaka 2000 wakafika Sweden. Walipewa nyumba Hallunda, ghorofa ya sita. Baba Mwamba akaendesha mabasi ya wilaya ya Botkyrka. Mama Laurentine akawa mwalimu wa lugha ya mama, yaani Kiswahili, katika shule za Hallunda, Alby na Fittja, akifundisha ngeli watoto ambao ukiwauliza kwa Kiswahili wanakujibu Kiswidi, na ukiwauliza kwa Kiswidi wanakuuliza kipindi kinaisha saa ngapi. Hakuwakasirikia. Alisema mtoto anayekujibu kwa lugha nyingine angalau amekuelewa kwa ya kwanza.

Sasa turudi harusini.

Mshereheshaji alikuwa Jean-Bosco, yuko pale nyuma, asijifiche. Ndiye aliyemchokoza. Alimtambulisha mama wa bibi harusi kama "mama anayejua lugha zote za dunia," basi mama akachukua kipaza sauti kusahihisha, na masahihisho yakatoka makubwa kuliko kosa. Meza ya kando alikuwa ameketi bibi mmoja mfupi, mwenye nywele nyeupe, jirani wa Shangazi Prudence, mdogo wake Mama Laurentine, kule Hallonbergen. Prudence alikuja naye kwa huruma tu, kwa sababu alikuwa mjane na hatoki. Bibi akauliza anasema nini yule mama. Prudence akamtafsiria kwa Kiswidi. Bibi akaweka uma chini, akasimama, akafunga midomo, akaiachia itetemeke, na ikatoka sauti ambayo ukumbi mzima ulidhani ni spika imeungua.

"Mbru," alisema.

Ilikuwa na "mb" kama ya mbuzi, ila midomo haikuachana mara moja. Ilipigana yenyewe kwa yenyewe, ikanguruma, ndipo "u" ikatoka.

Mama Laurentine akajibu, "Mburu."

Bibi akatikisa kichwa.

"Mpru."

Akatikisa tena. Mara ya tatu mate yaliruka yakatua kwenye tai ya baba wa bwana harusi.

"Mama Orpha," Jean-Bosco akasema taratibu, "twende kwenye keki."

"Jean-Bosco, kaa chini."

"Watu wana njaa, mama."

"Mimi nimewazuia? Nyama si hiyo mbele yao?"

Lakini nani angeanza kula mama wa bibi harusi amesimama anatema mate? Tulikaa. Mchuzi ukashika utando. Mwishowe akamuuliza bibi neno lile maana yake nini. Bibi akasema maana yake ni moto.

"Haya," Jean-Bosco akasema kwenye kipaza sauti, "moto umemshinda mama, ndiyo maana nyama imepoa." Watu wakacheka mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata Mama Laurentine alipanda metro, treni ya chini ya ardhi, ya mstari mwekundu, akabadilisha pale Centralen, akachukua ya bluu mpaka Hallonbergen, akabisha mlango wa bibi yule. Alipofunguliwa hakusalimia. Alisema, "Sema tena."

Bibi huyo ni Dorothy Lindkvist, na tunaomba mjue habari zake kwa sababu bila yeye wasifu huu ungekuwa umeshakwisha. Dorothy alizaliwa Papua Guinea Mpya, katika bonde ambalo watu wake husema lugha iitwayo Kiorawe. Ni lugha ya vijiji vitatu. Wazee wanaisema, vijana wamehamia Tok Pisin, lugha ya sokoni. Alikuja Sweden mwaka 1974 na mume wake, Mswidi fundi wa ndege ndogo za misheni, ambaye alimpenda sana na hakujifunza hata salamu. Mume alifariki mwaka 1996. Ilibaki simu ya dada yake kutoka kule. Mwaka 2002 dada naye akafariki. Tangu hapo Dorothy alikuwa akisema Kiorawe na sufuria zake na maua ya dirishani, na alimwambia Mama Laurentine bila kulia kwamba sufuria zinasikiliza vizuri lakini hazijibu.

Mama Laurentine akamwahidi kitabu. Siyo makala, siyo kanda za kwenda kulala kwenye kabati la ofisi. Kitabu chenye sauti zote na sarufi yote ya Kiorawe.

"Nitakishika mkononi?" Dorothy akauliza. Alikuwa na miaka sabini na moja.

"Utakishika."

Hiyo ndiyo ahadi iliyomfanyisha kazi miaka saba. Alianza na sauti ile ya moto, kwa sababu ilikuwa imemdhalilisha mbele ya wakwe. Aliifanyia mazoezi kwenye metro. Nyinyi mnawajua Waswidi kwenye metro, kila mtu na dirisha lake. Sasa chukua mama mwenye kitenge na kofia ya sufu, ametulia, halafu ghafla midomo inanguruma: mbru, mbru, kuanzia kituo cha Fittja mpaka cha Liljeholmen. Watu walihama viti. Mama mmoja alimuuliza kwa upole kama anahitaji msaada. "Ndiyo," akamjibu. "Unasikia 'u' yangu iko mviringo?" Majira ya kuchipua ya 2005 Dorothy alimsikiliza, akaenda jikoni, akarudi na kipande cha keki. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba imetoka.

Baada ya sauti ikaja sarufi, na hapo ndipo kulitokea kosa ambalo alitaka lisomwe leo, tena kwa sauti ya kutosha.

Dorothy alipokuwa akisimulia hadithi za kwao, vitenzi vyake vingi viliishia na "-na". Tukitafsiri, ilikuwa amekwenda-na, amekata-na, amebeba-na. Masikio ya Mama Laurentine yalikuwa ya Kiswahili. Yakasikia "na" yetu, ile ya chai na mkate. Alifurahi kupita kiasi. Alimpigia Orpha simu kazini kumwambia kwamba watu wa upande wa pili wa dunia wana "na" kama sisi. Alitangaza kanisani Jumapili mbili mfululizo, na mchungaji wa Hallunda akaitumia kwenye mahubiri juu ya undugu wa mataifa. Karibu miaka miwili aliandika kila mahali kwamba "-na" ni kiunganishi. Dorothy naye hakumsahihisha, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Halafu siku moja mwezi wa Februari 2007, jikoni kwa Dorothy, aliamua kutunga sentensi yake mwenyewe ya Kiorawe. Mazungumzo yao yalikuwa ya Kiswidi ambacho Waswidi wenyewe wasingekidai, lakini sentensi ilikuwa safi. Alisema:

"Samaki nimepika-na, amekwisha kuliwa."

Dorothy akatazama mlangoni. "Nani?"

"Nani nini?"

"Nani amemla?"

"Mimi."

"Hapana. Wewe umepika. Amekula mwingine."

"Mwingine yupi? Tuko wawili humu ndani, na wewe hujala."

"Ndiyo nauliza," Dorothy akasema. "Samaki wako amechukuliwa na nani?"

Ikabidi waketi. Saa nzima Dorothy alihamisha vikombe mezani, hiki mimi, hiki wewe, mpaka jambo likaeleweka. Katika Kiorawe huwezi kumaliza kitenzi ukanyamaza hivi hivi. Lazima kitenzi kiseme anayefuata ni nani. Ukisema nimepika-si, maana yake kaa hapo, ni mimi bado, jambo linalofuata nalifanya mimi. Ukisema nimepika-na, maana yake mimi nimefika mwisho wangu, sasa anaingia mwingine. Wala haihitaji kumtaja. Inamfungulia mlango tu.

Mama Laurentine alirudi Hallunda kwa treni mbili bila kunguruma hata mara moja. Baba Mwamba alimfungulia, akamtazama, akauliza, "Nani amekufa?"

"Kiunganishi," akajibu.

Akaanza upya. Sura tatu zilikwenda zote kwenye takataka. Jumapili alisimama kanisani, akaomba nafasi ya matangazo, akasema ile "na" aliyoitangaza siyo undugu wa mataifa, ni zamu. Mchungaji alisema hayo nayo yanahubirika.

Aliipenda "-na" ile kuliko alivyopenda sauti ya moto. Alisema sisi kwa Kiswahili tunasema akaenda, akala, akalala, halafu tunagombana ni nani aliyelala. Hawa wanakuonya mapema. Nyumbani ikawa silaha. Baba Mwamba akisema ataosha vyombo, anaulizwa, "Utaosha-si, au utaosha-na?" Mimi nikieleza habari za diploma yangu, ambayo wengi mnaiulizia kwa upendo, alikuwa anasema, "Diploma ya Jonathan ni ya -na. Yeye ameanza, tunamngoja atakayemaliza."

Jambo jingine alilotufundisha ni kwamba Kiorawe hakina neno la "yupo" wala "ipo". Kitu lazima kisimame, kiketi, au kilale. Nyumba inasimama, sufuria inaketi, barabara inalala. Huwezi kuuliza kama maziwa yapo kwenye friji. Uulize kama yanasimama. Baba Mwamba, ambaye kwa mwaka husema mambo mawili ya kuchekesha, alisema basi yeye anahitaji bia inayosimama na mke anayeketi. Alipata moja.

Msidhani watu wote walimuunga mkono. Mtaalamu mmoja wa lugha hapa mjini, mtu mwema, alisoma sehemu ya kazi akaisifu, kisha akamshauri aiandike kwa Kiingereza. Mama Laurentine alikuwa anaiandika kwa Kiswahili.

"Itasomwa na nani?" mtaalamu akauliza.

"Na watu wanaosoma."

"Lakini wenzetu wa fani..."

"Mwanangu," akamwambia, "maisha yangu yote sisi ndio tunaandikwa. Safari hii tunaandika. Wenzako wakitaka kusoma, nafundisha Kiswahili Hallunda, Jumanne na Alhamisi."

Shangazi Prudence naye, ambaye ndiye aliyemleta Dorothy harusini na ambaye mpaka leo analiweka jambo hilo kwenye maungamo yake, alimjia juu siku ya Noeli 2008, sahani mkononi.

"Yaya, dada yangu, na Mashi je? Lugha ya mama yetu. Uliandika toni, ukaacha. Watoto wetu hapa hawajui hata kuhesabu. Uko nashughulika na moto ya bantu ya wapi?"

"Prudence, Mashi ina watu wangapi?"

"Bengi. Hata zaidi ya milioni."

"Wa kuisema, wa kuiimba na wa kuitukania?"

"Eh."

"Kiorawe hapa Stockholm kina Dorothy. Na Dorothy ana presha."

Prudence aliweka sahani chini, jambo ambalo limeandikwa katika historia ya familia. Halafu akauliza, "Sasa mwenye kujibu Dorothy ni wewe peke yako?"

"Ni mimi peke yangu. Kwa hiyo usinicheleweshe. Leta mchuzi."

Tarehe 8 Februari 2011, akiwa darasani Hallunda, katikati ya ngeli ya ki-vi, Mama Laurentine alipatwa na kiharusi. Watoto wa darasa lake ndio walioita gari la wagonjwa, na tunawashukuru. Mkono wa kulia ulikataa. Mdomo ukavutwa upande mmoja. Orpha alipofika hospitalini alimkuta mama yake amefumba macho, anapuliza hewa kwa midomo isiyokutana. Alidhani anashindwa kupumua, akaita wauguzi. Hakuwa anashindwa kupumua. Alikuwa anajaribu kusema moto.

Haikutoka. Kwa mara ya pili maishani ilimshinda, na safari hii hapakuwa na nyama wala kicheko.

Baada ya siku chache alikuja kijana mtaalamu wa matamshi, mwenye kitambulisho shingoni, akamweleza polepole kwamba ili kuamsha midomo kuna zoezi la kuitetemesha, kama farasi anavyofanya. Akamwonyesha. Mama Laurentine alimtazama kijana yule, machozi yakamtoka, akaanza kucheka kwa upande mmoja wa uso. Kijana akaogopa. Ikabidi Orpha amweleze kwamba mama yake alikuwa ameifanya kazi hiyo bure miaka mingi kwenye mstari mwekundu, watu wakimhama, na sasa nchi hii inamwagiza aifanye mara tatu kwa siku baada ya chakula.

Aliifanya. Aliifanya kabla ya chakula, wakati wa chakula, na Baba Mwamba akajifunza kuketi upande usio na hatari. Alikataa watu wamwambie pole. Alisema pole haitetemeshi mdomo. Pentekoste, mwezi wa Juni, Dorothy alikuja Hallunda, akaketi mbele yake. Mama Laurentine akakusanya midomo kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaachia.

"Mbru."

"Sema tena," Dorothy akasema.

Akasema tena. Na safari hii keki ilikuwa tayari mezani.

Kitabu kilikuwa kimebakiza sura moja, ya mwisho, juu ya vitenzi vinavyofuatana. Alikuwa ameiacha makusudi, kwa sababu ndiyo aliyoikosea na alitaka kuiandika akiwa na nguvu. Nguvu hazikurudi zote. Aliandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, majira yote ya joto, dirisha likiwa wazi, watoto wa chini wakipiga mpira. Orpha akimwambia apumzike, alijibu, "Nimeandika-si." Yaani bado ni mimi.

Tarehe 24 Oktoba 2011 kiharusi kilirudi, kikubwa. Kesho yake Dorothy alipanda treni mbili peke yake kutoka Hallonbergen, akachukua na basi, akafika hospitalini. Chumbani tulikuwa Baba Mwamba, Orpha na mimi, na muuguzi aliyekuwa akibadilisha chupa ya maji ya mshipa. Mama Laurentine alifungua jicho. Alimwona Dorothy. Alichukua muda mrefu kukusanya mdomo, na hakuna aliyemharakisha, hata mimi. Akasema kwa Kiorawe neno moja, na hata sisi tusiojua tulilijua, kwa mwisho wake.

"Nimeandika-na."

Dorothy hakulia. Aliinama, akamuuliza kama alivyomuuliza siku ya samaki.

"Nani?"

Mkono wa kushoto ukainuka kitandani, ukaanza kuzunguka. Ukampita Orpha, ukampita Baba Mwamba, ukanifikia mimi ukasimama kidogo, nafikiri kwa mashaka, ukampita Dorothy mwenyewe, ukamalizia kwa muuguzi. Muuguzi akadhani anataka maji, akaenda kuyaleta. Tunamshukuru yeye pia. Alikuwa ameteuliwa.

Mama Laurentine Nabintu alifariki dunia siku ya Alhamisi tarehe 27 Oktoba 2011, saa kumi na moja alfajiri, mume wake akiwa kando yake amemshika mkono, bila maneno, kama walivyokubaliana tangu 1983.

Nchi hii haina haraka ya kuzika. Miaka yote tumeilaumu kwa hilo, safari hii tumeishukuru. Kati ya kifo na leo zimepita karibu wiki nne, na nyumba ya Hallunda haikulala. Dorothy, mwenye miaka sabini na minane, alihamia kwenye kochi la sebuleni. Alisema sentensi zilizobaki za sura ile ya mwisho, Orpha akaandika, kisha Dorothy akauliza kila mara, "Umesikia, au umedhani?" Shangazi Prudence, ambaye hakutaka kusikia habari za moto wa watu wa mbali, ndiye aliyesoma sura yote kutafuta makosa ya Kiswahili, akayapata, akayafurahia. Mimi nilipanga kurasa na kubishana na mwenye duka la kuchapa. Baba Mwamba alipika na kuosha vyombo. Alipoulizwa kama amechoka alijibu, "Nimeosha-si." Hilo ni la kwanza kati ya mawili yake ya mwaka huu, nasi tunamngojea la pili.

Jana mchana, Alhamisi, maboksi yalifika. Orpha alikata la kwanza kwa kisu cha jikoni, akatoa kitabu cha juu, akampa Dorothy. Dorothy alikishika kwa mikono miwili. Alikigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Hasomi Kiswahili. Alitafuta ukurasa wa kwanza wa sauti, akaliona neno lake limesimama pale kwa herufi nyeusi, akalisoma. Na kwa kuwa alikuwa amelisema kwa watu na siyo kwa sufuria, sote wanne tukamjibu, vibaya sana. Prudence alirusha mate mpaka kwenye pazia. Dorothy akasema, "Sema tena."

Mama Laurentine ameacha mume, Baba Mwamba. Binti, Orpha, na wajukuu wawili, Elvire na Bruce, ambao humjibu bibi yao Dorothy kwa Kiswidi, lakini moto wanausema kuliko sisi sote. Kaka, Anicet, huko Bukavu, ambaye anasikiliza ibada hii kwa simu iliyowekwa pale kwenye dirisha. Dada, Prudence, wa Hallonbergen. Wapwa, ambao mmoja wao ana diploma njiani. Wanafunzi wa Bukavu na wa Botkyrka. Na rafiki yake Dorothy, ambaye anatuomba tutangaze kwamba yuko nyumbani kila Jumamosi, na anayetaka kujifunza aje na keki.

Mungu aliyemwumba na mdomo ule ampokee, ampe pumziko, na akiwa na sauti ambayo hatujaisikia, amfundishe polepole. Sisi tuliobaki tunaendelea. Ametuachia mlango wazi.

Sasa hivi, kwa Kiorawe, Mama Laurentine amelala. Dorothy ameketi mezani pale mlangoni mtakapotokea. Kitabu kimesimama mbele yake. Marehemu aliagiza kwamba ndugu walipe kwanza, tena bila kupunguziwa, na kwamba atakayedai cha bure aombwe kusema moto.

Sarufi ya Kiorawe, jalada gumu, kroni mia mbili na arobaini.